Video ya harusi haitaficha jina la shahidi

Ndugu vijana, wakamaradi wa Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Uvira na kwingine,

Tangu miezi kadhaa, mu magrupe yetu kunatembea ujumbe mumoja, kila mutu anaupitisha kwa mwenzake. Unasema: "Ingiza listi yako, mapicha yako, ma-odio yako ndani ya video yoyote, weka neno la siri, tuma. Hata wakikukamata, hawataona kitu." Chini kuna linki ya aplikasio. Wengine wanaiuzisha kabisa, dola mbili, na ukilipa wanakufundisha namna ya kuitumia, wakijiita wataalamu wa usalama.

Sisi tunasema: apana. Na tunasema kwa sauti, juu sisi wenyewe tulikuwa kati ya wale walioupitisha ule ujumbe.

Tuungame kwanza yetu. Kamaradi wetu mumoja alikuwa na listi ya watu 11 waliokubali kusema yale waliyoyaona mu mutaa wao. Majina, avenue, namba za telefone. Listi ilipashwa kufika mu muji mwingine, kwa avoka aliyekuwa akiwangoja. Kamaradi akaitia ndani ya video ya harusi ya dakika tatu, watu wanacheza, akaituma ku WhatsApp. Avoka akafungua, akaweka neno la siri: harusi iko, listi hakuna. Akatuma mara ya pili, ikawa vile vile. Basi akarudia njia ya zamani: video ku karte ya memwari, karte mu telefone ya musafiri wa boti. Ku bandari, mutu mwenye bunduki akaomba telefone, akaanza kuangalia mavideo moja moja. Akafika ku harusi, akacheka. "Munachezaka muzuri kabisa. Hii karte ni yangu sasa." Akaitoa, akaitia mu mufuko. Hakutafuta siri yoyote. Alipenda muziki.

Tulitumia wiki tatu kugonga milango 11. Mama mumoja akatuuliza: "Sasa jina yangu iko mu mufuko ya nani?" Hatukuwa na jibu. Wawili walihama nyumba. Mumoja alisema hatafungua tena kinywa mbele ya mutu yeyote, na hatuna haki ya kumulaumu.

Njo maana tunaandika. Na juu wauzaji hawaelezi namna ile kitu inafanya kazi, tutaeleza sisi, pole pole, ili kila mumoja ajiamulie.

Video ni mapicha, 25 ao 30 kila segonde. Picha moja ya kipimo cha 1920 kwa 1080, pasipo kufinywa, inakula karibu megabaiti 3. Zidisha mara 25: segonde moja inapita megabaiti 75, na dakika moja inapita gigabaiti 4. Nani hapa kwetu ana mega za kutuma ile? Kwa hiyo kila telefone iko na kodeki, yaani programu ya kufinya. Ile iliyoenea sana, H.264, kanuni yake ilitoka mwaka 2003. Kodeki ni bahili. Haichori picha upya kila mara. Inakata picha vipande vya muraba, kisha inaandika: kipande hiki ni kile kile cha picha iliyotangulia, kimesogea hatua tatu kuume. Ile "hatua tatu kuume" inaitwa vekta ya mwendo. Tofauti ndogo inayobaki kati ya kipande cha zamani na kipya inageuzwa kuwa hesabu, hesabu zinagawanywa, na visehemu vidogo vinatupwa. Jicho halioni kilichopotea.

Siri inaingizwa mu zile hesabu. Unasogeza vekta fulani hatua moja, ao unageuza hesabu fulani ili igawanyike kwa mbili ao isigawanyike: inayogawanyika inasomwa 0, isiyogawanyika inasomwa 1. Ukifanya vile mara elfu nyingi, umeandika barua ndani ya harusi, na bibi harusi anaendelea kucheza sawa hakuna kitu. Ni kazi ya akili kweli, hatuwacheki wanaoitafiti.

Lakini ukituma ile video ku WhatsApp kwa namna ya kawaida, inafinywa upya ili iwe nyepesi. Vekta zinatafutwa upya, tofauti zinahesabiwa upya, migawanyo inakuwa mingine. Ni kama kuficha barua mu mikunjo ya kitenge, kisha mutu anakifua, anakipiga pasi, anakikunja kwa namna yake. Kitenge kinafika, barua haifiki. Avoka wetu hakukosea neno la siri. Kilichokuwa cha kufunguliwa kilikuwa kimekufa njiani.

Kuna watafiti wanaotengeneza mbinu za kuvumilia ule ufinyaji: wanarudiarudia kila herufi, wanaongeza hesabu za kusahihisha makosa. Bei yake ni kwamba unaficha kidogo sana, na unaacha alama nyingi zaidi. Kuweka mengi, kuvumilia njia mbaya, kutoonekana: hakuna aliyepata zote tatu kwa wingi, na yule anayekuuzia zote tatu kwa dola mbili anakuibia.

Na tuseme wazi, nyingi kati ya zile aplikasio hata hazifiki pale. Tulimuomba kijana wetu mumoja anayesoma informatiki aangalie ile iliyotuumiza. Dakika kumi zilimutosha. Haigusi vekta, haigusi hesabu yoyote. Inachukua fishie yako na kuibandika ku mwisho wa fishie ya video. Video inacheza juu programu ya kuchezesha inasoma kile inachokijua na kuacha mengine. Ni kufunga gunia nyuma ya chukudu na kusema halionekani. Video fupi ya simu yenye uzito wa filamu nzima, hata mutoto wa sekondari atajiuliza.

Tunajua mutatujibu: "Lakini mukubwa, tuma kama dokima, haifinywi." Kweli, haifinywi. Sasa ujiulize: siri ile ulikuwa unamuficha nani? WhatsApp tangu 2016 inafunga ujumbe ili njiani asome tu anayetuma na anayepokea. Basi yule unayemuogopa si wa njiani. Ni yule anayeshika telefone yako mu mukono wake, ku bariere, usiku, na mwenzake anakumulika toroshi mu macho. Na yule, kabla hajafika ku video, atakutana na picha ya aplikasio ya kufichia ku ekra yako, kati ya Facebook na muchezo wa mpira. Hahitaji hesabu. Atasema: "Fungua." Na wewe utafanya nini? Awe na uniforme ya nani, mutu wa bariere hasomi vekta. Anasoma uso wako.

Wenye kusoma watasema kuna mbinu za kweli, si zile za kubandika. Zipo. Nasi tumezisoma kidogo, na kadiri tunavyosoma, njo kadiri tunavyoogopa kuweka maisha ya mutu ndani yake.

Mwaka 1983 mutaalamu wa Marekani, Gustavus Simmons, aliweka swali namna hii: wafungwa wawili wako mu vyumba mbalimbali, wanataka kupanga kutoroka, na barua zao zote zinapita mu mikono ya mulinzi. Wakiandika kwa mafumbo yanayoonekana ni mafumbo, mulinzi anawakatia barua. Kwa hiyo ni lazima waandike barua inayoonekana ya kawaida kabisa. Mutu aliyewahi kumupelekea ndugu yake chakula ku Munzenze anaelewa lile swali pasipo kwenda univerisite. Tangu pale, ule muchezo ni wa paka na panya. Mu 2001 Andreas Westfeld wa Ujerumani alitoa mbinu inayoitwa F5, ya kuficha mu mapicha ya JPEG, na watu wakaisifu. Mu 2002 Jessica Fridrich na wenzake, Marekani, wakaonyesha namna ya kuigundua. Mwaka mumoja tu. Yule Fridrich huyo huyo alirudi mu 2011 na wenzake na mbinu nyingine ya kuficha vizuri zaidi. Yaani hata wakubwa wa kazi hii wanakaa wakivunja nyumba na kujenga nyingine.

Ku video ni vile vile, na pale kuna jambo tulilolipenda kwa uzuri wake ingawa linatutisha. Kodeki, kwa ubahili wake, inachagua vekta iliyo bora, ile inayoacha tofauti ndogo kuliko zote za jirani. Wewe ukiisogeza hatua moja ili uweke siri, jirani yake inakuwa bora kuliko yenyewe. Basi mupelelezi anachukua kila vekta, anaongeza moja, anapunguza moja, na kuuliza: kwa nini hii mashini iliacha kizuri kilichokuwa pembeni na kuchukua kibaya? Swali lile likirudi mara nyingi mu video moja, umekamatwa. Mbinu ile ilichapishwa mu 2014. Waliokuwa wakificha wakajibu kwa kuchagua tu zile vekta zinazobaki bora hata baada ya kusogezwa. Wapelelezi nao wakatafuta alama nyingine. Hadi leo.

Kuna pia hesabu inayoua ndoto ya "video kubwa, siri kubwa". Andrew Ker wa Oxford na wenzake, pamoja na Fridrich, walionyesha kwamba kile unachoweza kuficha kwa usalama hakiongezeki sawa na ukubwa wa video. Ukirefusha video mara 4, siri inaongezeka mara 2. Ukirefusha mara 100, siri mara 10. Na ile ni kwa mutu anayejua kazi. Mutu wa kubandika gunia hayumo mu hesabu.

Muuzaji akikwambia "usiogope, hakuna anayejua namna aplikasio yetu inafanya kazi", kimbia. Tangu 1883, Auguste Kerckhoffs aliandika kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu walipigiwa fimbo ku shule ili waijue, kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki imara hata adui akiukamata wote; kinachopaswa kufichwa ni funguo peke yake. Miaka zaidi ya 140, na bado kuna mutu anatuuzia kinyume chake ku WhatsApp.

Tuje sasa ku jambo linalotuuma kuliko yote, ambalo hakuna aliyelizungumza mu magrupe. Wengine wenu munatia listi na maelezo ndani ya video zenyewe za matukio: ile iliyopigwa siku ya risasi, ile ya nyumba zinazowaka. Munafikiri munaunganisha ushahidi na mashahidi mu fishie moja. Wakamaradi, munauua ule ushahidi kwa mikono yenu. Septemba 2018, korti ya kijeshi hapa Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Kati ya yaliyowekwa mbele ya waamuzi mulikuwa mapicha yaliyopigwa na aplikasio iitwayo eyeWitness. Nguvu ya mapicha yale ilikuwa nini? Ni kwamba aplikasio inalinda saa na mahali, na inaweza kuhakikisha kama picha haikuguswa tangu ipigwe. Haikuguswa! Sasa wewe unapeleka video ambayo hesabu zake umezisogeza mara elfu nyingi. Avoka wa upande mwingine atasimama na kuuliza swali moja tu: "Mulibadilisha nini tena?" Utamujibu kwamba ulibadilisha kidogo, kwa nia nzuri? Video ya tukio inabaki vile ilivyotoka ku telefone. Haikatwi, haipambwi, haitiwi muziki, na haibebeshwi siri.

Na mukitaka mufano wa mutu aliyejificha vizuri kuliko sisi, uko. Mei 2011 polisi ya Berlin ilikamata kijana wa Austria aliyekuwa wa al-Qaeda. Hatuna neno jema la kusema juu ya kundi lile, tunataja tu kilichotokea ku karte zake. Mulikuwa video ya ngono, na ndani ya ile video, baada ya wiki nyingi za kazi, wapelelezi walitoa dokima zaidi ya 100 za kundi. Walianza je kushuku? Karte zilikuwa zimefichwa mu nguo yake ya ndani. Mutu anaficha video ndani ya suruali, na siri ndani ya video, na ile suruali njo inamushitaki. Serikali yenye wiki nyingi, ordinatere na wataalamu inafika tu.

Sasa tusikilizane muzuri, juu tunajua kuna wakubwa watakaochukua andiko hili na kusema: "Munaona, hata wao wanakubali, anayeficha ana hatia." Apana. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mutu haki ya maisha yake binafsi na ya siri ya barua, ya telefone na ya kila namna nyingine ya kuwasiliana. Kuigusa siri ile ni mu hali zilizopangwa na sheria tu, na mutu wa bariere anayenyoosha mukono na kusema "leta telefone" si sheria. Mama anayeficha dola mu kitenge si mwizi. Shahidi anayeficha jina lake si muongo. Walioikata intaneti ya nchi nzima Januari 2015, na tena kuanzia 31 Desemba 2018 hadi zaidi ya nusu ya Januari 2019, wakati kura zinahesabiwa, hao hawana cha kutufundisha juu ya kuficha.

Tunagombana na wale wanaotupokonya ile haki. Na tunagombana vile vile na wale wanaotuuzia kufuli ya karatasi, juu mutu mwenye kufuli ya karatasi anaacha nyumba wazi akiamini amefunga. Kama kamaradi wetu hangepewa ile aplikasio, asingeandika yale majina yote 11 mahali pamoja. Angeogopa. Na woga wake ungewalinda wale watu kuliko neno lake la siri. Pale njo tuliumia kweli.

Kwa hiyo, mu seli zetu zote, tumepatana hivi. Jina la shahidi haliandikwi mu telefone, si wazi wala ndani ya video. Anayelijua ni mutu mumoja ao wawili waliolipokea kwa kinywa, na shahidi mwenyewe anawajua na amekubali. Kama ni lazima liandikwe kwa ajili ya avoka, avoka anakuja, ao shahidi anakwenda. Tauni ya boti ni ghali, lakini tutachangishana. Video ya tukio inatolewa ku telefone mapema, inafika kwa watu wawili wanaoaminika ikiwa nzima, kisha inafutwa ku telefone ya aliyepiga kabla hajapita bariere yoyote. Hatubebi aplikasio inayoonyesha kwa jina lake kwamba tunaficha. Na wale wenu munaosoma informatiki ku Goma, Bukavu na Butembo, tunawaomba kazi moja: mukipata chombo, kivunjeni kwanza ninyi wenyewe, mbele yetu, mezani, kabla hakijabebeshwa mutu. Kitakachosimama tutakisema. Hadi leo hakuna tulichoona kimesimama mu mikono ya watu kama sisi, wenye telefone za bei ya chini na mega za kuhesabu.

Ile linki inatolewa leo mu magrupe yetu yote. Atakayeirudisha tutamuita, si kumuaibisha, ila akae na kamaradi wa listi amusikilize kwa saa moja. Mwenyewe alikubali kufanya ile kazi.

Na kwa yule mama aliyetuuliza jina lake liko mu mufuko wa nani: tulirudi kwake juma lililopita. Tulimwambia kwamba ku telefone zetu halipo tena, tumezipitia zote moja moja. Lile la ku karte hatuwezi kulirudisha. Alitupa viti, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Bakuje banicheze sasa, niko hapa."